Kabla hujaizima kompyuta: vitufe vinavyorudisha kilichopotea

Leo hatutazungumzia satelaiti wala roboti. Tutaizungumzia kompyuta iliyo mezani kwako nyumbani, ile ambayo watoto wanaifanyia kazi za shule, baba anaifungulia barua pepe, na mama anaitumia kuweka hesabu za upatu. Wengi wetu tumeitumia kwa miaka mingi bila ya kufundishwa na mtu. Tulijifunza kwa kuchungulia begani mwa mwenzetu, tukashika yale tuliyoyahitaji siku hiyo, na mengine yote tukayaacha. Matokeo yake ni kwamba tunajua kwenda mbele lakini hatujui kurudi nyuma, na siku mkono ukiteleza tunadhani kila kitu kimeangamia.

Makala haya yametokana na simu iliyonijia usiku mmoja hapa London, yapata saa mbili. Kwao Muscat ilikuwa saa tano. Alikuwa ni shangazi yangu, ambaye kwa kawaida hupiga simu Ijumaa baada ya sala na si usiku wa siku ya kazi, kwa hiyo nilipoliona jina lake moyo ulinidunda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yangu yote imekwenda na maji."

Kazi yenyewe ni hii. Kwa zaidi ya mwaka mmoja shangazi amekuwa akiandika nasaba ya ukoo wetu: nani alizaliwa Malindi ya Unguja, nani aliolewa Mombasa, nani alikwenda Bujumbura kufanya biashara akazikwa huko huko, na nani walivuka bahari kwenda Omani baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na watu wengi wenye asili ya nchi hiyo wakaanza kurejea kutoka Afrika Mashariki. Majina hayo ameyakusanya kwa kuwapigia simu wazee mmoja baada ya mwingine. Wawili kati ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Usiku ule kazi ilikuwa imefikia kurasa 42, na nyingi kati yake hakuna tena wa kuulizwa.

Alikuwa akiandika jina la babu mmoja, Ali. Mara ukurasa ukawa mweupe, na juu kabisa zikabaki herufi mbili tu: li. Mjukuu wake alikuwa amesimama pembeni, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuzimia, akisema kwamba kompyuta ikizimwa na kuwashwa upya itatengemaa.

"Usiguse kitu, shangazi," nilimwambia. "Usihifadhi, usifunge, na huyo kijana aondoe mkono."

Nikamwomba atazame pembe ya chini, upande wa kushoto wa kibodi. Hapo pana kitufe kilichoandikwa Ctrl. Akishikilie kwa kidole kidogo, na huku amekishikilia aiguse herufi Z mara moja tu, kisha aachie vyote viwili. Zile herufi mbili zikatoweka. "Sasa hamna kitu kabisa!" alisema kwa sauti ya mtu anayezama. Nikamwambia arudie. Kimya kikapita, kisha nikasikia "Alhamdulillahi", na nyuma yake yule mjukuu akicheka.

Ni nini kilichotokea? Ili kuandika herufi kubwa, kidole hushikilia kitufe cha Shift. Kitufe hicho, upande wa kushoto, kipo juu tu ya Ctrl. Kidole cha shangazi kilishuka safu moja. Badala ya kuandika A kubwa, akawa ameiambia kompyuta: yachague maandishi yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ctrl na A maana yake ndiyo hiyo. Maandishi yakageuka rangi, lakini yeye alikuwa akiitazama kibodi na si skrini. Akaendelea na herufi L, na programu ya kuandikia ina kanuni kwamba herufi mpya ikija huchukua nafasi ya chochote kilichochaguliwa. Kwa hiyo kompyuta haikuharibika. Ilitii amri mbili alizopewa, moja baada ya nyingine, kwa kasi ambayo jicho halikuiwahi.

Ctrl na Z ndiyo amri ya kutendua. Kila unapofanya jambo, programu hulikumbuka na kuliweka juu ya yale yaliyotangulia, kama sahani zinavyopangwa jikoni. Amri ya kutendua huondoa sahani ya juu, ukiirudia huondoa inayofuata, na kadhalika. Ukirudi nyuma kupita kiasi, Ctrl na Y hukupeleka tena mbele. Watumiaji wa kompyuta za Apple watumie kitufe cha Command mahali pa Ctrl, na kwenda mbele wabonyeze Command, Shift na Z. Kuna mambo mawili ya kuyaangalia. La kwanza, baada ya kurudi nyuma usiandike hata herufi moja kabla ya kuhakikisha umefika ulipotaka, kwa sababu herufi mpya huifunga njia ya kwenda mbele. La pili ndilo lililonifanya niupigie kelele mkono wa yule kijana: katika programu nyingi kumbukumbu hiyo ya hatua ni ya muda. Ukiifunga programu au kuizima mashine, sahani zote zinaondoka.

Kinachosahaulika ni kwamba kutendua hakuishii kwenye maandishi. Ukiwa ndani ya folda ya picha na kwa bahati mbaya ukafuta picha, au ukaiburuta hadi folda nyingine usiyoijua, bonyeza Ctrl na Z hapo hapo na picha itarejea mahali pake. Hata barua pepe ina mlango wa kurudia: huduma ya Gmail humwezesha mwandishi kuizuia barua aliyokwisha kuituma, mradi awahi. Muda unaotolewa kwa kawaida ni sekunde 5, lakini ukiingia kwenye mipangilio unaweza kuuongeza hadi sekunde 30. Binafsi niliuongeza siku nilipomtumia mkuu wangu wa idara barua iliyokusudiwa mwenzangu mmoja, na nisingependa kueleza zaidi ya hapo.

Msikilizaji anaweza kuuliza, kwa nini Z? Kwa nini si herufi inayoanzia neno lenyewe? Jibu linaturudisha miaka ya 1970, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox kilichoko Palo Alto, California. Huko alikuwako mtaalamu aitwaye Larry Tesler, ambaye pamoja na mwenzake Tim Mott alitengeneza programu ya kuhariri maandishi iliyoitwa Gypsy, kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya kuchapisha vitabu vya shule. Wahariri wale hawakuwa wataalamu wa kompyuta. Walizoea mkasi na gundi: kukata aya kwenye karatasi na kuibandika mahali pengine. Tesler na Mott waliyachukua matendo yale yale wakayatia ndani ya mashine, na ndiyo maana hadi leo tunasema kata, nakili na bandika. Mwaka 1980 Tesler alihamia Apple, na kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, ilikuja na herufi nne za safu ya chini zilizopangwa pamoja: Z ya kutendua, X ya kukata, C ya kunakili na V ya kubandika. Zitazame kwenye kibodi yako. Zimekaa bega kwa bega, karibu kabisa na kitufe cha kushikilia, kiasi kwamba mkono mmoja hufanya kazi zote nne huku mwingine ukiwa kwenye kipanya. X inafanana na alama ya kufutia neno karatasini, na C ndiyo inayoanzia neno la Kiingereza lenye maana ya kunakili. Tesler alifariki dunia mwezi Februari mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka 74.

Nasi Waswahili tuliyapata maneno hayo kwa lugha yetu. Katikati ya muongo wa 2000, mradi uitwao Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikafuata na tafsiri zake. Wapo waliozicheka istilahi zile wakati huo, na baadhi kwa kweli zilichekesha. Lakini ukimfundisha mzee wa miaka 70 kwamba amri hii hukata, hii hunakili na ile hubandika, haihitaji maelezo ya pili.

Tukiwa hapo kwenye kunakili, kuna kero moja ambayo ina dawa. Unanakili namba ya akaunti, kabla ya kuibandika unanakili kitu kingine, na ile ya kwanza imepotea, kwa sababu kompyuta hukumbuka kimoja tu cha mwisho. Tangu mwezi Oktoba mwaka 2018 mfumo wa Windows umeweza kukumbuka hadi vitu 25. Badala ya Ctrl na V, shikilia kitufe chenye alama ya dirisha uguse V. Mara ya kwanza utaulizwa kama unataka huduma hiyo iwashwe. Kubali, na tangu hapo utaona orodha ya ulivyovinakili ili uchague. Kompyuta ikizimwa na kuwashwa orodha hufutika, isipokuwa vile ulivyovibana kwa alama ya pini. Angalizo: nywila unayoinakili kutoka faili fulani huweza kuingia katika orodha hiyo. Ikiwa kompyuta ni ya familia nzima, usiiwashe huduma hiyo.

Shangazi alikuwa na tatizo jingine, ambalo nililigundua nilipoisoma kazi yake. Majina yale yale ameyaandika kwa tahajia mbili au tatu, kwa kuwa kila mzee alimtajia kwa matamshi yake. Ctrl na F hufungua kisanduku cha kutafuta, katika maandishi na pia katika kurasa za intaneti, na humfikisha mtu kwenye jina katika sekunde moja. Ctrl na H, katika programu ya Word, hutafuta na kubadilisha kwa pamoja. Hii ni amri yenye nguvu kubwa, na kwetu sisi wenye lugha yenye viambishi ina mtego wake. Shangazi aliamua kwamba mabwana wote walioitwa Ali katika tawi moja la ukoo waandikwe kwa i-griki mwishoni, yaani Aly, kama walivyoandika wenyewe katika hati zao za kusafiria. Akaamuru mabadiliko yafanyike kote. Kompyuta ikatii: aliyezaliwa akawa alyyezaliwa, alikuwa akawa alykuwa, na walioana wakawa walyoana. Kitabu kizima kikasomeka kama cha lugha ya taifa lisilojulikana. Safari hii hakunipigia simu. Alibonyeza Ctrl na Z, mabadiliko yote yakatenduka kwa mara moja, ndipo akanisimulia huku akicheka. Dawa yake ni kufungua chaguo za ziada katika kisanduku kile kile na kuweka alama mbili, ya kutafuta neno zima na ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo.

Njia nyingine za mkato nitazipitia kwa haraka, kwani ni rahisi. Umefunga kichupo cha kivinjari bila kukusudia, na hujui tena ulifikaje pale? Ctrl, Shift na T hukirudisha, iwe ni Chrome, Firefox au Edge. Maandishi ni madogo kwa macho yako? Ctrl na alama ya kujumlisha huyakuza, Ctrl na alama ya kutoa huyapunguza, na Ctrl na sifuri huyarejesha kama yalivyokuwa; hii nimewafundisha wazee wengi kuliko nyingine yoyote. Unataka picha ya sehemu ya skrini ili umwonyeshe fundi kosa unaloliona? Kitufe cha dirisha, Shift na S. Unainuka kwenda kumfungulia mgeni mlango? Kitufe cha dirisha na L huifunga skrini mpaka nywila iandikwe.

Na ile ya zamani kuliko zote, Ctrl, Alt na Del? Hiyo ilibuniwa na mhandisi wa IBM, David Bradley, wakati kampuni hiyo ilipokuwa ikitengeneza kompyuta yake binafsi iliyotoka mwaka 1981. Ilikusudiwa wahandisi waanzishe upya mashine bila ya kuizima umeme, na vitufe vilichaguliwa viwe mbalimbali makusudi, ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Laiti Ctrl na A ingefikiriwa vivyo hivyo! Siku hizi Ctrl, Alt na Del haiiwashi kompyuta upya moja kwa moja, bali hufungua ukurasa wa chaguo. Ikiwa programu moja imeganda, ni bora kubonyeza Ctrl, Shift na Esc, ukaichagua programu hiyo peke yake na kuisimamisha, nyingine zikabaki salama.

Sasa tuseme simu ya shangazi ingechelewa. Tuseme kijana angezima kompyuta. Je, kurasa 42 zingekuwa zimepotea? Inategemea. Ikiwa herufi zile mbili hazikuhifadhiwa, faili la zamani bado lipo kwenye diski kama lilivyoachwa mara ya mwisho alipohifadhi, na anachopoteza ni kazi ya tangu hapo. Word pia huweka nakala ya dharura, kwa kawaida kila baada ya dakika 10, na programu ikifungwa ghafla hukupa nakala hiyo ukiifungua tena. Hatari ni pale mtu anapofadhaika, akabonyeza hifadhi kwa mazoea, halafu akafunga. Hapo kurasa tupu zimekaa juu ya kurasa zilizojaa.

Hata hapo, wanaohifadhi kazi zao mtandaoni wana kinga. Hati za Google huweka historia ya matoleo: Ctrl, Alt, Shift na H hufungua orodha ya tarehe na saa, nawe unachagua hati ilivyokuwa jana au juzi. Word nayo hufanya hivyo kwa mafaili yaliyowekwa OneDrive, na kule kuhifadhi kwa wakati wote bila ya kubonyeza kitu hufanya kazi kwa mafaili ya aina hiyo. Nakiri sipendi jinsi huduma hizi zinavyomsukuma mtu kuweka maisha yake yote kwenye mitambo ya watu asiowajua. Lakini nimeona kazi nyingi zikiokolewa namna hiyo kuliko nilivyoona zikidhurika.

Mafaili yaliyofutwa ni habari nyingine. Ukifuta faili kwenye diski ya kompyuta, huenda kwenye kikapu cha taka na unaweza kulitoa. Lakini ukifuta huku umeshikilia Shift, au ukifuta faili lililo kwenye flashi, Windows hailipeleki kikapuni. Linaondoka papo hapo. Wengi hawalijui hilo, na flashi ndizo tunazobebea picha za harusi na za maziko kutoka nchi hadi nchi. Ikikufika, kuna jambo moja la kufanya: ichomoe flashi hiyo na usiandike chochote juu yake. Faili linapofutwa, kwa kawaida kinachoondolewa ni anwani yake tu, kama kufuta jina kwenye faharasa ya kitabu. Kurasa zenyewe hubaki mpaka jambo jipya liandikwe juu yake. Ipo programu ya bure, PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier, inayoweza kuzisoma kurasa hizo na kurejesha picha, sauti na hati. Haina sura ya kuvutia na haiyarudishi majina ya mafaili, kwa hiyo jiandae kwa picha mia kadhaa zenye namba badala ya majina. Unachokirejesha ukiweke kwenye diski nyingine, si kwenye flashi ile ile. Katika kompyuta mpya zenye diski za kielektroniki zisizozunguka bahati ni ndogo, kwani mfumo wenyewe husafisha nafasi iliyoachwa.

Nimetaja programu ya bure, na hapa ningependa kusimama kidogo. Msikilizaji aliyepoteza picha za mzazi wake huwa tayari kubofya chochote. Ukitafuta programu ya kurejesha mafaili utakutana na kurasa zenye vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua, na nyingi kati ya hizo huja na matangazo, wadukuzi, au madai ya malipo baada ya kuonyeshwa picha zako kwa mbali. Pakua kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si kutoka kwa mchuuzi wa kati. Na ikiwa mashine yako bado inatumia Windows 10, fahamu kwamba msaada wa kawaida wa mfumo huo ulikoma tarehe 14 Oktoba mwaka 2025. Kompyuta haitazima, lakini nyufa mpya zikigunduliwa hazizibwi isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda.

Kwa sisi watu wa redio kuna chombo kimoja ambacho ningekitaja hata kama nisingeulizwa, nacho ni Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kukata sauti iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Ukitaka kumrekodi bibi akisimulia hadithi za zamani, kisha uondoe mvumo wa feni na zile dakika za kutafuta miwani, inatosha kabisa. Ina kasoro moja, ambayo ni yetu zaidi kuliko yake. Zamani, Audacity ilihifadhi kazi kwa kutengeneza faili dogo la mradi pamoja na folda kubwa yenye sauti yenyewe. Mwandishi wetu mmoja katika eneo la Maziwa Makuu aliwahi kututumia mahojiano aliyosafiri siku mbili kuyapata. Tulipofungua tulikuta faili la kilobaiti chache tu, ambalo halikuwa na sauti hata ya kikohozi. Alikuwa ametuma faili la mradi, na folda ilibaki kwenye kompyuta ya kukodi katika mgahawa wa intaneti, ambayo usiku ule ilisafishwa. Kipindi kilikwenda hewani bila ya mahojiano yale. Tangu mwaka 2021 mradi huhifadhiwa katika faili moja, lakini hata sasa faili hilo hufunguka ndani ya Audacity tu. Kabla ya kumtumia mtu, tumia amri ya kusafirisha nje, upate faili la kawaida la sauti. Na ukitumiwa sauti au video ambayo kompyuta yako inakataa kuifungua, jaribu VLC, iliyoanza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi karibu na Paris mwaka 1996. Hufungua karibu kila kitu, hata rekodi za simu za zamani, wala haidai malipo.

Yote niliyoyaeleza yana mpaka. Kutendua hakuirudishi kompyuta iliyoibwa, wala kitufe hakiondoi maji ya mafuriko kwenye diski. Wapiga picha wana kanuni wanayoiita tatu, mbili, moja: nakala tatu za kila kazi, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kompyuta za Apple zimekuwa na huduma ya Time Machine tangu mwaka 2007, ambayo hunakili kila kitu kwenye diski ya nje mara inapochomekwa, na Windows ina Historia ya Faili tangu mwaka 2012, ingawa ni lazima uiwashe wewe mwenyewe katika mipangilio. Diski ya nje haina gharama kubwa ukilinganisha na kilichomo ndani yake. Usiiache imechomekwa wakati wote, kwani kirusi au radi ikipiga hupiga vyote viwili.

Shangazi alinisikiliza nilipomweleza hayo kwa simu, akaniuliza maswali ambayo sikuyatarajia, kisha akafanya kwa njia yake. Kabla ya kulala hubonyeza Ctrl na S, halafu hujitumia faili mwenyewe kwa barua pepe, likiwa na tarehe katika jina lake, ili la leo lisilikalie la jana. Kila mwanzo wa mwezi hutia nakala kwenye flashi mbili. Moja humpa binti yake anayeishi Salalah kila anapokuja kutembea, na nyingine huikunja katika leso na kuiweka ndani ya mkebe mtupu wa halua, juu ya kabati. Kitabu kimefika kurasa 61. Kitufe cha Ctrl cha upande wa kushoto amekibandika kipande cha plasta ya kidonda, ili kidole kikishuka safu moja kijue hapo si pake.